Plastiki nyeusi za nje zilizopauka kwenye gari la zamani: moto ndio dawa, mengine yote ni kupaka wanja

#1 Bampa la Kale
Wakuu, salaam. Naleta hoja, anayepinga apinge kwa hoja.

Plastiki nyeusi za nje ambazo kiwandani hazikupakwa rangi (kingo za juu ya matairi, sehemu ya chini ya bampa, kava za vioo vya pembeni, mikanda ya milangoni, ile plastiki ya chini ya wipa) zikipigwa jua miaka mingi zinakuwa kijivu, mwisho nyeupe kabisa. Watu wanapaka dawa ya viatu, mafuta ya kupikia, oili chafu, spreyi ya tairi. Mvua moja tu, zimerudi palepale.

Dawa ni moto. Osha plastiki kwa sabuni ya vyombo na brashi ngumu, suuza, iache ikauke kabisa hadi ndani ya vinyweleo. Bandika tepu ya karatasi kwenye rangi ya bodi inayopakana nayo. Chukua blowa ya hewa moto, iweke kati ya nyuzi 300 na 400, mdomo ukae sentimita 8 hadi 10 kutoka kwenye plastiki, na mkono usisimame hata kidogo. Utaona weusi unarudi mbele ya macho yako. Pakigeuka tu, hama. Hamna gharama ya dawa, hamna cha kuoshwa na mvua. Moto unayavuta juu mafuta ya plastiki yaliyojificha ndani.

Nawasilisha.

#2 Klipu Moja
Naweka kambi hapa, waje wataalamu.

#3 Msasa Mbili Elfu
Mleta mada, hatua zako ni nzuri ila maelezo yako ya sababu yana walakini. Plastiki hizo nyingi ni polipropilini iliyochanganywa na mpira kidogo, na haina tangi la mafuta ndani linalosubiri kuitwa. Kinachotokea ni hivi: miali ya jua inakata minyororo ya plastiki kwenye ngozi ya juu, ngozi inapasuka nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na zile nyufa zinatawanya mwanga. Jicho linaona weupe. Ukipiga moto, ngozi inayeyuka kidogo, nyufa zinajifunga, mwanga unaacha kutawanyika. Rangi nyeusi yenyewe, ambayo ni unga wa kaboni, ilikuwa pale siku zote.

Ndiyo maana dawa yako ina ukomo. Kila ukirudia unaiyeyusha ngozi ambayo imeshaharibiwa na jua, na kila safari inakuwa ngumu zaidi na kavu zaidi. Polipropilini inayeyuka kwenye nyuzi 160 hivi. Ukichelewesha mkono, ile michoro ya chembechembe ya kiwandani inalala, unabaki na doa linalong'aa ambalo halifutiki tena.

#4 Bampa la Kale
> Msasa Mbili Elfu: haina tangi la mafuta ndani

Basi nieleze kwa nini ukimaliza kupiga moto, ukipitisha kidole, unahisi utelezi? Huo utelezi umetoka wapi?

#5 Msasa Mbili Elfu
Nta na spreyi za miaka yote zilizokuwa zimezama kwenye michoro. Umezipasha, zimelainika. Osha sehemu moja kwa spiriti kabla ya moto na nyingine usioshe, kisha linganisha.

#6 Kabureta
Wote wawili mnasahau kitu cha tatu. Si kila weupe ni jua. Kuna weupe wa nta ya kung'arishia bodi iliyokaukia kwenye michoro, na kuna weupe wa chokaa ya maji magumu ya kuoshea. Mtu anapiga moto weupe ambao kifutio cha penseli kingeuondoa.

Jaribio ni rahisi. Chukua kifutio cheupe cha wanafunzi, sugua eneo la ukubwa wa kidole. Weupe ukitoka kama makapi, hiyo ni nta. Ukitaka haraka tumia sponji ya melamini yenye maji, kwa mkono mwepesi, maana nayo ni msasa. Weupe wa chokaa unaondoka kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, uiache dakika mbili tatu, usuuze sana. Ukibaki baada ya yote hayo, sasa ndiyo tuzungumze jua.

#7 Ngozi ya Chuma
Kuna wanaotoa nta kwa siagi ya karanga 😂 na inafanya kazi kweli, mafuta yake yanalainisha nta na ile karanga iliyosagwa inasugua. Halafu gari linanukia kitafunwa na sisimizi wanakuja kukagua.

#8 Spana Kumi
Umetisha mkuu.

Kabureta yuko sahihi, ila mimi naongeza la nne. Plastiki nyingi za nje zimetiwa unga wa talki ili ziwe ngumu na zisijikunje kwa joto. Ngozi ya juu ikiliwa na jua, talki inabaki wazi, na talki ni nyeupe. Sugua plastiki iliyopauka sana kwa kidole kikavu, ukitoka na unga mweupe kidoleni, si nta ile. Hapo moto utaficha kwa muda tu. Inabidi kwanza uondoe huo unga: msasa wa nailoni wa kijivu (ule laini wa kusugulia) na maji yenye sabuni, mviringo mmoja baada ya mwingine, mpaka maji yanayotiririka yaache kuwa meupe.

#9 Dirisha Wazi
Samahani wakuu, dawa ya viatu nyeusi ina ubaya gani? Inang'aa vizuri tu.

#10 Kabureta
Haina ubaya ukiwa huegemei gari. Ile ni nta na rangi, haishikani na plastiki. Jua likiwaka inalainika, mvua ikinyesha inachuruzika kwenye mlango mweupe, na kila atakayepita karibu atakwenda na kipande chake kwenye suruali. Spreyi ya tairi ni silikoni, nayo inashuka kwenye rangi ya bodi. Siku ukitaka kupaka rangi karibu na hapo, rangi itafanya vishimo vya macho ya samaki kwa sababu ya silikoni. Mafuta ya kupikia ndiyo mabaya kuliko: hayakauki sawasawa, yananata, yanakusanya vumbi na kuchacha.

Oili chafu nisiisikie. Inavimbisha mpira uliochanganywa humo ndani, na uchafu wake unaingia kwenye michoro hautoki.

#11 Mkono wa Fundi
Kwa wasio na blowa, mafuta ya kitani yaliyochemshwa yanafanya kazi nzuri. Sisitiza neno *yaliyochemshwa*. Mabichi yanachukua siku nyingi sana kukauka. Yaliyochemshwa yametiwa vikaushio, yanavuta oksijeni ya hewani na kugeuka utando mgumu ndani ya siku moja hivi. Ndiyo tofauti yake na mafuta ya kupikia: haya hayabaki kuwa mafuta, yanakuwa ngozi.

Namna ya kufanya:

Plastiki ioshwe kama alivyosema mleta mada, halafu ifutwe kwa spiriti. Mimina mafuta kidogo kwenye kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, kijiko kimoja cha chai kinatosha plastiki ya mlango mzima. Paka nyembamba, sugua yaingie. Subiri dakika 15 hadi 20, kisha futa yote yaliyobaki juu kwa kitambaa kikavu. Ifute mpaka uone kama umeondoa kila kitu. Hapo ndipo wengi wanaharibu. Wanaacha tabaka nene wakidhani nene ndiyo imara, kesho yake linanata na vumbi lote la barabarani limeganda humo. Gari likae kivulini, lisipate maji kwa saa 24. Ukitaka nyeusi zaidi rudia mara ya pili kesho yake.

Yanadumu miezi kadhaa, si milele.

Halafu onyo, na hili si la mapambo: kitambaa chenye mafuta hayo USIKIKUNJE ukakitupa kwenye ndoo ya taka. Yanapokauka yanatoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinalifungia joto hilo ndani mpaka kinawaka chenyewe bila kiberiti. Kitandaze nje juu ya sakafu au chuma kikauke kimenyooka, au kitumbukize kwenye kopo la bati lenye maji na ulifunike.

#12 Klipu Moja
Kinawaka chenyewe?? Mkuu usitutishe.

#13 Mkono wa Fundi
Sikutishi. Mafundi wa samani wanalijua hilo tangu zamani, karakana zimeungua kwa matambara.

#14 Bampa la Kale
Mafuta ya kitani ni wanja wa gharama. Nimesema.

#15 Ngozi ya Chuma
Mleta mada ana hisa kwenye kiwanda cha blowa 😅

#16 Gia ya Tano
Tuachane na kupauka kidogo. Bampa yangu imepasuka kwenye kona, ufa wa sentimita 12 hivi, kutoka ukingo wa chini kwenda juu. Supa gluu haishiki, epoksi imebanduka yote kama ganda. Shida nini?

#17 Spana Kumi
Shida hujui umeshika plastiki gani. Geuza bampa, tafuta maandishi upande wa ndani, yako kati ya mishale miwili: >PP<, >PP+EPDM<, >ABS<, >PC+ABS<, >PUR<. Hapo ndipo dawa inapoanzia.

PP (polipropilini) na PP+EPDM (polipropilini iliyochanganywa na mpira): gundi za kawaida hazishiki, ngozi yake inakataa kulowa. Hiyo inachomelewa.
ABS: inashika gundi, inayeyuka kwa asetoni.
PUR: hiyo haiyeyuki, ukiichoma inatoa mapovu na kuwa mkaa. Hiyo ni gundi maalumu ya poliyurethani na kitambaa cha nyuzi nyuma yake.

Maandishi yakiwa yamefutika, kata kijipande upande wa ndani kisichoonekana, kitumbukize kwenye maji. Polipropilini inaelea, ABS inazama.

#18 Msasa Mbili Elfu
> Spana Kumi: Polipropilini inaelea, ABS inazama

Hapa umejipinga mwenyewe mkuu, soma namba 8 yako. Polipropilini tupu ina uzito wa gramu 0.9 kwa sentimita ya ujazo, inaelea. Ikitiwa talki asilimia 20 inafika 1.04 hivi na inazama, karibu sawa na ABS. Mtu atatumbukiza kipande, kitazama, ataenda kununua asetoni, na asetoni haitafanya kitu. Ukiona mchoro umeandikwa PP-TD20 au PP+T20, hiyo T ndiyo talki.

Jaribio la uhakika zaidi ni moto. Shika kijipande kwa koleo, kiwashe nje penye hewa. Polipropilini inawaka taratibu, mwali una bluu chini, inadondosha matone, na ukizima inanuka mshumaa. ABS inatoa moshi mweusi wenye masizi yanayoruka.

#19 Spana Kumi
Sahihi. Kuelea kunathibitisha, kuzama hakuthibitishi.

#20 Mkono wa Fundi
Gia ya Tano, kama ni PP fanya hivi.

Mwanzo kabisa toboa tundu la milimita 3 pale ufa unapoishia. Ufa una ncha kali inayokusanya nguvu zote, tundu linaivunja hiyo ncha. Usipotoboa, ufa utaendelea mbele ya kazi yako hata kama umechomelea vizuri kuliko kiwanda.

Unganisha pande mbili kwa upande wa mbele kwa tepu ya alumini ili uso wa nje ukae sawa. Geuza. Kwa ncha ya pasi ya solda au kisu, chimba mfereji wa V kufuata ufa, kina theluthi mbili ya unene. Kata vipande vya wavu wa chuma kisichoshika kutu, upana wa sentimita 3, vikatize ufa. Uweke juu, uukandamize kwa pasi bapa mpaka uzame kwenye plastiki, kisha jaza mfereji kwa plastiki ileile. Fito za kujazia zikikosekana, kata nyembamba nyembamba kutoka kwenye ukingo wa ndani wa bampa hiyohiyo au kwenye bampa chakavu yenye maandishi yaleyale. Chonde: yeyusha plastiki ya bampa NA ya ufito kwa pamoja, zichanganyike. Ukidondoshea tu plastiki moto juu ya baridi itabanduka ikipoa. Ikianza kutoa moshi umepitiliza joto, umeiua.

Iache ipoe yenyewe. Ukimaliza nyuma, ondoa tepu, chimba V ya mbele yenye kina kidogo, jaza, kisha msasa namba 80, 180, 320.

#21 Dirisha Wazi
Naona watu wanashona bampa kwa vifungo vya nyaya vya plastiki, wengine wanaviyeyushia humohumo. Vipi?

#22 Mkono wa Fundi
Kushona sawa, ni kiraka cha wazi na kinashika. Toboa matundu sentimita moja kutoka kwenye ufa kila upande, yasikae mstari mmoja ulionyooka, yapishane. Lakini kuyeyushia hapana. Vifungo vile ni nailoni, na nailoni haichanganyiki na polipropilini. Inaonekana imeshika, ukiipinda inachomoka nzima.

#23 Msasa Mbili Elfu
Naongeza na wanaotumia wavu wa waya wa shaba uliotoka kwenye kebo: shaba inaharakisha kuoza kwa polipropilini. Shaba ikigusa plastiki hiyo kwenye joto, minyororo inavunjika upesi kuliko kawaida. Tumia chuma kisichoshika kutu tu. Na pini za stepla za kawaida zitashika kutu ndani na kutokea mbele ya rangi.

#24 Kabureta
Kwa ABS (grili nyingi, kava nyingi za vioo vya pembeni) kazi ni nyepesi. Vunja vipande vya ABS chakavu, vitie kwenye chupa ya kioo, mimina asetoni ifunike tu, funga, acha usiku kucha. Asubuhi unakuta uji mzito. Ukiwa mwembamba ongeza vipande, ukiwa mzito ongeza asetoni. Lowesha kingo za ufa kwa asetoni tupu kwanza, paka uji, bana, acha saa 24 kabla ya kusugua. Tabaka nyembamba mara tatu, si nene mara moja, maana asetoni ya ndani ikinaswa inaacha vishimo na sehemu inasinyaa. Fanyia nje, mbali na moto. Mvuke wake unashika haraka.

Tundu la skrubu lililokatika kwenye ABS: supa gluu, nyunyiza soda ya kuokea, gluu tena. Inaganda papo hapo na inatoboleka. Ni ngumu lakini inavunjika kirahisi, haipendi kupindwa, kwa hiyo isiwe mahali panapotikisika.

#25 Gia ya Tano
Shukrani wakuu. Nimeona >PP+EPDM<. Baada ya kuchomelea, rangi itashika?

#26 Spana Kumi
Haitashika kama ulivyoona epoksi. Kuna praima ya plastiki inayopakwa kwanza, maji maji yanayong'aa, ndiyo inayoshikamanisha. Tabaka jembamba tu, halafu rangi ifuate ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Ukiichelewesha unaanza upya.

Ukiikosa kuna njia ya mwali. Tochi ya gesi, ncha ya mwali wa bluu ipite juu ya plastiki safi kwa haraka, mahali pamoja pasipate hata sekunde. Hutaki kuyeyusha, unataka kuibadilisha ngozi tu. Kisha nyunyiza maji: yakijikusanya matone, bado, yakitandaa yote, imekubali. Paka rangi siku hiyohiyo.

Rangi ya kopo nyeusi isiyong'aa, tabaka tatu nyembamba, dakika 10 kati ya moja na nyingine. Nene inachuruzika na inapasuka bampa ikijikunja.

#27 Bampa la Kale
Mmekubali moto mnaupitisha mlango wa nyuma 😏

#28 Ngozi ya Chuma
Huo ni moto wa sekunde, wako ni wa kuchoma mahindi.

#29 Fremu ya Kioo
Mnisaidie upande wa kromu. Gari lina ukanda wa kromu kwenye bampa, madoa ya kahawia. Nimesikia karatasi ya alumini ya jikoni inatoa.

#30 Kabureta
Inatoa. Ikunje kibonge, ichovye kwenye maji au siki, sugua bila nguvu. Sababu ni kemia: alumini inakula oksijeni ya kutu.

#31 Msasa Mbili Elfu
Sababu ni kusugua tu. Alumini ni laini kuliko kromu, haiikwaruzi, na ngozi yake ya oksidi ni ngumu, inasaga kutu. Maji tupu yanatoa matokeo yaleyale ya siki.

#32 Kabureta
Na ukisugua kwa kipande cha plastiki ngumu chenye maji yaleyale, mbona kutu haitoki kama hivyo? Kemia ipo.

#33 Msasa Mbili Elfu
Plastiki haina oksidi ngumu juu yake. Ndiyo hoja yangu.

#34 Mkono wa Fundi
Endeleeni huko. Fremu ya Kioo, jua kwanza una nini mkononi. Kromu ya mapambo ni tabaka jembamba mno, chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita, limekaa juu ya nikeli. Madoa ya kahawia ni kutu ya chuma cha chini inayotokea kwenye vitundu. Ukiisafisha umeondoa kutu iliyotokea juu, kitundu bado kiko wazi. Kwa hiyo baada ya alumini: suuza, kausha kwa blowa au jua, paka nta ngumu ya gari, na urudie nta mara kwa mara. Bila nta madoa yanarudi upesi.

Chuma kisichoshika kutu kisipakwe mbinu hizi, kisafishe kwa dawa ya kung'arisha tu. Na alumini iliyotiwa ngozi ya kiwandani usiipeleke karibu na dawa kali za kusafishia jiko. Magadi yake yanakula hiyo ngozi, unabaki na weupe usiotoka.

#35 Spana Kumi
Kutofautisha tumia sumaku. Ikinata ni chuma chenye kromu, isiponata ni chuma kisichoshika kutu.

#36 Mkono wa Fundi
Si lazima. Kanda nyingi za madirisha zimetengenezwa kwa aina ya chuma kisichoshika kutu ambayo sumaku inanata. Isiponata unaweza kuwa na alumini au plastiki. Angalia mikwaruzo: kwenye chuma kisichoshika kutu mkwaruzo una rangi ileile hadi chini.

#37 Dirisha Wazi
Yangu inabanduka maganda, chini naona cheupe.

#38 Kabureta
Hiyo ni ABS iliyochovywa kromu. Maganda yake yanakata mkono, vaa glovu. Hakuna cha kuirudisha kwa mikono. Ng'oa kilicholegea, msasa 320 kwenye ukingo wa kilichobaki mpaka ukucha usikwame, 600 kwa sehemu nzima ili nikeli ipoteze mng'ao, praima ya epoksi, nyeusi. Au rangi ya mpira inayobanduka, tabaka nne tano nzito. Ukipaka mbili, siku ya kuibandua itakatika vipande vidogo vidogo, utaichokonoa kwa ukucha mwezi mzima.

#39 Klipu Moja
Mikanda ya milangoni iliyodondoka je? Watu wanabandika kwa silikoni ya madirisha.

#40 Spana Kumi
Silikoni ile inayonuka siki usiipeleke kwenye bodi. Harufu ile ni asidi, inakula chuma popote rangi ilipochanika, na kutu inafanya kazi gizani nyuma ya ukanda. Ukija kuitoa, mabaki yake hayapokei gundi wala rangi.

Tumia tepu ya povu ya akriliki ya pande mbili, milimita 1 hivi. Kazi yote iko kwenye kuandaa. Gundi ya zamani: ipashe kwa draya ya nywele, pitisha uzi wa kuvulia samaki nyuma yake ukiukata kama msumeno, mabaki yaliyobaki bodini yaviringishe kwa kidole gumba. Futa bodi na ukanda kwa spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kitambaa kipya kwa kila upande. Kabla hujabandua karatasi, bandika tepu ya karatasi bodini kuonyesha mstari, kwa sababu ikishagusa hupati nafasi ya pili. Kukiwa na baridi chini ya nyuzi 10 usifanye, gundi haitashika. Kandamiza kwa nguvu urefu wote. Baada ya dakika 20 ina nusu ya nguvu yake, nguvu kamili ni saa 72. Usioshe gari kabla ya hapo.

#41 Dirisha Wazi
Na mipira ya milango imekauka, mafuta ya kujipaka yanaifaa?

#42 Msasa Mbili Elfu
Yanailainisha leo na kuivimbisha kesho. Mipira mingi ya milango ni EPDM, haielewani na chochote kinachotokana na petroli. Tumia grisi ya silikoni au gliserini, nyembamba, kwa kitambaa. Uangalie tu silikoni isifike kwenye bodi.

#43 Ngozi ya Chuma
Mtu akileta taa za mbele zilizofifia hapa uzi utafika kurasa mia.

#44 Gia ya Tano
Umezileta wewe 😂 Dawa ya mbu inazifanya ziwe kioo kabisa.

#45 Kabureta
Kwa siku chache. Ile yenye DEET (kemikali ya kufukuza mbu) inayeyusha ngozi ya polikaboneti, yaani plastiki ya taa, inajilainisha, inang'aa, baadaye inapasuka nyufa za utando wa buibui ambazo hazitoki. Ikidondokea kwenye plastiki zako nyeusi nazo zinabaki na alama. Taa ni msasa wa maji 800, 1000, 2000, 3000, kisha klia (rangi angavu ya juu) yenye kinga ya jua. Bila klia, hata dawa ya meno hata msasa, inarudi njano. Fungueni uzi wake.

#46 Bampa la Kale
Narudi kwenye hoja yangu. Lowesha plastiki iliyopauka kwa maji tu. Inakuwa nyeusi, si ndiyo? Ikikauka inarudi kijivu. Maana yake inakosa unyevu wa ndani. Moto unaurudisha.

#47 Msasa Mbili Elfu
Maana yake maji yamejaza nyufa na mwanga hautawanyiki. Umenisaidia hoja.

#48 Spana Kumi
Au maji yamefunika talki. Inafanya vilevile.

#49 Fremu ya Kioo
Wakati mnagombana, plastiki ya chini ya wipa yangu imekauka mpaka inavunjika ukiishika. Moto, mafuta, au nini?

#50 Mkono wa Fundi
Iliyofika hapo usiipige moto, itakatika mikononi. Lowesha klipu kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kuzichomoa, ing'oe nzima. Nyuma ya nyufa yeyushia wavu kama wa bampa, kwa joto la chini. Iliyokosa vipande, kata kiraka kutoka kwenye ndoo ya plastiki yenye alama ya 5, hiyo nayo ni PP, kichomelee upande wa chini. Mbele paka praima na nyeusi isiyong'aa. Na kabla hujairudisha, safisha matundu ya kutolea maji yaliyo chini yake, majani yanajaa pale. Kiraka kisiyazibe. Maji yakikosa njia yanaingilia kwenye feni ya hewa, unakuja kukuta zulia la abiria limelowa.